Kisanduku cha wanafunzi kinapimaje mabadiliko ya tabianchi? Jibu fupi: hakipimi, bado

Kila ikitoka habari kwamba wanafunzi wa shule fulani wametengeneza kituo cha hali ya hewa ili wachunguze mabadiliko ya tabianchi kwenye eneo lao, watu wanagawanyika fasta. Kuna wanaopiga makofi, "hawa madogo ni noma", na kuna wanaouliza swali ambalo mimi naona ni zuri kuliko makofi: hivi kile kisanduku cheupe chenye waya na kipaneli cha sola kinapimaje kitu kikubwa kama tabianchi? Na wakimaliza muhula wakaandika ripoti kwamba eneo letu limeongezeka joto, wamejuaje?

Nijibu kwanza alafu ndio tuzame. Kile kisanduku hakipimi tabianchi, kinapima hali ya hewa. Na wala usidhani ni kwa sababu kimetengenezwa na wanafunzi, hakuna kifaa chochote duniani kinachopima tabianchi moja kwa moja. Tabianchi inahesabiwa, tena kutoka kwenye rundo la vipimo vya miaka mingi.

Haya maneno mawili watu wanayachanganya sana, hata kwenye taarifa za habari. Hali ya hewa ni kile kinachoendelea sasa hivi, jua, mawingu, mvua ya jioni, upepo unaopiga dirisha. Tabianchi neno lenyewe linajieleza ukilipasua katikati, ni tabia ya nchi. Sasa tabia ya mtu unaijuaje? Ukimkuta amenuna leo huwezi kusema ana roho mbaya, labda jino linamuuma, unakaa naye miaka ndio unasema huyu bwana ni mpole ila asubuhi usimsogelee. Kwa hiyo wanasayansi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani walikubaliana kwamba ili useme "kawaida ya hapa ni hivi" unachukua wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 mpaka 2020. Mabadiliko ya tabianchi ni pale hiyo kawaida yenyewe inapohama, siku moja ya joto kali peke yake haitoshi kukuonyesha hilo.

Hapo hapo unaona tatizo la mwanafunzi mwenye kituo cha miezi sita. Ila tusimkatie tamaa, tuanze na ndani ya kisanduku.

Kwenye kituo cha kawaida cha shule unakuta bodi ndogo ya kielektroniki, Arduino au ESP32 au Raspberry Pi, hiyo ndio ubongo. Imeungwa na vihisi, yaani vile vidude vinavyohisi joto, unyevu na mgandamizo wa hewa na kuvigeuza kuwa namba (wengine wanaviita sensa, mimi naogopa maana ukisema wanafunzi wanafanya sensa watu watadhani wanahesabu kaya). Kila baada ya dakika kadhaa bodi inauliza vihisi "mnasoma ngapi?", inaandika jibu kwenye memori kadi au inalituma kwa intaneti, inalala tena ili betri isiishe. Ndio hivyo tu, kuunganisha hizi waya na kuandika programu yake ni kazi ya wiki chache kwa wanafunzi wenye hamu na mwalimu anayewapa nafasi ya kuharibu.

Kazi ngumu ni kuhakikisha kile kinachosomwa ndicho mnachodhani mnakisoma.

Chukua joto. Ushawahi kuona mtu anapiga picha dashibodi ya gari, digrii 45, anasema leo tumevunja rekodi? Ile namba ni ya gari lililokuwa limeegeshwa juani. Joto linalotangazwa na mamlaka za hali ya hewa ni joto la hewa, kivulini, kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, na hewa ikiwa inapita vizuri. Kihisi kikipigwa na jua kinajipima chenyewe kilivyochemka, hewa hakiipimi tena. Ndio maana mwaka 1864 mhandisi wa Scotland anaitwa Thomas Stevenson, wa familia ya wajenzi wa minara ya taa za meli, alichora kile kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za luva (vibao vilivyoinama na kuachiana nafasi) ambacho wengi tulikichora kwenye somo la jiografia bila kuelewa kwa nini ni cheupe. Ni cheupe ili kirudishe mionzi ya jua, kina luva ili upepo upite ila jua na mvua visiingie, na kimesimama kwenye miguu ili joto la udongo lisikifikie. Yaani kila kitu pale kina sababu.

Wanafunzi wa siku hizi hawahitaji fundi seremala, wanachukua visahani vyeupe vya plastiki vya kuwekea vyungu vya maua, wanavigeuza kifudifudi, wanavipanga kimoja juu ya kingine kwa kuacha nafasi ya hewa, wanatoboa vya katikati, kihisi kinakaa humo ndani. Kinafanya kazi vizuri tu. Ukitaka kuamini umuhimu wake fanya hivi: weka vihisi viwili vya aina moja, kimoja ndani ya visahani na kingine ukutani kwenye bati, saa 8 mchana angalia namba zote mbili. Ukishaona ile tofauti hutabishana tena na mtu kuhusu dashibodi ya gari.

Mvua nayo ina mambo yake. Kwanza kipimo chenyewe kinawachanganya watu, "mvua ya milimita 20" ni nini, mbona mvua ni maji na maji yanapimwa kwa lita? Fikiria sakafu ya mita moja kwa mita moja yenye kingo, maji hayatoki, hayanyonywi, hayakauki. Ukimwaga lita moja pale maji yatasimama kimo cha milimita moja. Basi milimita 20 maana yake kila mita moja ya mraba imepokea lita 20, na paa la mita za mraba 50 limepokea lita 1,000. Hapo ndio namba inaanza kuwa na uzito.

Kipimamvua cha kujiendesha kina koni juu, na chini ya koni kuna kijiko chenye pande mbili kama pembea ya watoto. Upande mmoja ukijaa unainama, unamwaga, upande wa pili unakaa mkao wa kupokea. Kila pembea ikiinama, sumaku ndogo inapita mbele ya swichi na bodi inahesabu moja. Vingi vimepimwa hivi kwamba kila kuinama ni milimita 0.2, mara tano ni milimita moja. Kitu kizuri sana, mpaka ukitumie. Ile swichi ikifungwa haifungi mara moja safi, inadundadunda kwa milisekunde chache, na programu ikiwa na pupa inahesabu mara tatu, unapata mafuriko siku ya manyunyu. Mvua ikiwa kali mno kijiko nacho kinazidiwa, maji mengine yanapita wakati kinageuka, unapata pungufu. Alafu kuna wadudu.

Nilishaona kituo kimoja ambacho kwa karibu wiki nzima kiliandika mvua 0.0 huku uwanja wa shule umejaa madimbwi na wanafunzi wanatembea na viatu mkononi. Grafu ilikuwa imenyooka kama rula. Kufungua koni, buibui amefunga utando wake toka ukutani mpaka kwenye kijiko, kijiko kimejaa maji na hakiwezi kuinama, maji yanachuruzika pembeni. Binti mmoja akautoa kwa kalamu, kijiko kikagonga "tak", na kwenye skrini ikatokea 0.2 siku yenye jua kali. Wakaicheka, ila nilipenda walichofanya baada ya hapo, hawakuifuta ile 0.2 kimyakimya, waliandika kwenye daftari kwamba hii ni ya kusafisha, na zile siku za 0.0 wakazitia alama kuwa hazijulikani. Sifuri na "sijui" ni vitu viwili tofauti kabisa, na kuna watu wazima kwenye ofisi zao hawajaelewa hilo.

Ndio maana nashauri pembeni ya kile cha umeme kuwe na kipimamvua cha mkono, koni na chupa tu. Koni yenye upana wa sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314 hivi, kwa hiyo mililita 314 kwenye chupa ni milimita 10 za mvua. Kinachofaa kukumbuka ni kwamba kinachohesabika ni mdomo wa koni, upana wa chupa hauna kazi hapo. Na mahali pa kuweka pia ni hesabu, kama kuna jengo la mita 4 basi kipimamvua kikae angalau mita 8 kutoka hapo, yaani mara mbili ya urefu wa kizuizi, na ukipata mara nne ni bora zaidi.

Haya sasa, tuseme yote mmeyafanya sawa. Mna kituo, namba zinaingia kila dakika kumi, mwaka umepita. Je mnaweza kusema eneo lenu linapata joto?

Hapa ndio penye mgogoro kati ya vichwa vya habari na hesabu. Kwa miongo ya karibuni dunia kwa wastani imekuwa ikiongezeka joto kwa kama digrii 0.2 kila miaka kumi. Miaka mitatu ya shule ni kama digrii 0.06. Vihisi vinavyotumika sana shuleni, mfano DHT22, vinaruhusiwa kukosea nusu digrii juu au chini, na kile DHT11 cha bluu ni digrii mbili. Ni kama kutaka kujua kucha zako zimekua kiasi gani toka jana kwa kutumia tepu ya fundi cherehani, kucha inakua kweli ila tepu haioni. Na hata ungekuwa na kihisi cha maabara bado mwaka na mwaka vinatofautiana vyenyewe, ukija mwaka wa El Niño, yaani maji ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida, namba zinaruka, mwaka unaofuata zinashuka, na mtu wa haraka atachora mstari kwenye vitu viwili hivyo na kutangaza kwamba dunia inapoa.

Kuna mtu atauliza, sasa hiyo digrii moja na nusu wanayoipigia kelele kila mkutano wa tabianchi, kwamba dunia isiongezeke joto zaidi ya hapo, ni kitu gani kama joto la asubuhi na mchana linatofautiana digrii kumi na tunaishi? Angalia mtihani. Mwanafunzi mmoja akiongeza maksi moja na nusu hakuna anayegundua. Ila wastani wa wanafunzi wa nchi nzima ukipanda maksi moja na nusu ujue kuna kitu kikubwa kimesukuma, na angalia hasa kule pembeni, waliokuwa wanapata zaidi ya 90 walikuwa wachache, sasa wameongezeka sana ingawa wastani umesogea kidogo tu. Joto liko hivyo hivyo, wastani ukisogea kidogo siku zile za kupindukia ndio zinaongezeka kwa kasi. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa juu kwa kama digrii 1.55 ukilinganisha na 1850 mpaka 1900, na huo ni mwaka mmoja, makubaliano ya Paris, yale ya nchi nyingi yaliyoweka hiyo digrii moja na nusu, yanaongelea wastani wa miaka mingi, kwa hiyo kuivuka mara moja si kwamba mlango umeshafungwa. Na hewa yenye joto zaidi inabeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii moja, ndio maana mvua ikiamua kushuka inashuka kwa hasira.

Basi kituo cha shule kina faida gani? Kubwa tu, ila maswali yawe ya saizi yake.

Swali la kwanza ambalo kinalijibu vizuri ni la tofauti ya mahali na mahali. Mwanzoni mwa karne ya 19 Luke Howard, yule aliyeyapa mawingu majina yake ya Kilatini, alionyesha kwa vipimajoto kwamba usiku London mjini kuna joto kuliko mashambani nje ya mji. Wanafunzi wenye vihisi vinne wanaweza kurudia jambo hilo ndani ya uzio wa shule, kimoja chini ya miti, kingine kwenye uwanja wa zege, kingine kwenye nyasi, cha mwisho kati ya majengo mawili. Tofauti hizo ni kubwa kuliko makosa ya vihisi, zinaonekana ndani ya wiki, mradi kwanza mviweke vyote pamoja sehemu moja siku kadhaa muone nani anasoma juu na nani anasoma chini. Hiyo ni hatua ya lazima, wengi wanairuka.

La pili ni kulinganisha. Kituo chako kina mwaka mmoja, sawa, lakini zipo data za bure za muda mrefu, mfano ERA5 ya kituo cha utabiri cha Ulaya inaanzia 1940, na ya mvua inaitwa CHIRPS inaanzia 1981. Hizo zinaionyesha dunia vipande vipande, kipande kimoja cha ERA5 kina upana wa kama kilometa 31, kwa hiyo mlima na bonde vinaweza kupewa joto moja. Wanafunzi wanachukua mwaka wao, wanauweka juu ya mwaka huo huo wa ile data, wanaona inawakosea wapi, labda kila usiku inasema digrii mbili juu kwa sababu shule iko bondeni na hewa baridi inatuama pale. Wakishajua hilo wanaweza kurudi nyuma miaka 40 kwenye data ndefu wakiwa na akili zaidi. Huu kwangu ndio utafiti wenyewe, na hauhitaji kudanganya.

Hapa niseme na kuhusu simu maana ni hoja ya kila siku, "kwani si ninaona joto kwenye simu, kituo cha nini?" Simu yako haina kipimajoto cha hewa ya nje. Ile namba ni makadirio ya modeli za kompyuta kwa kipande kizima ulichopo, na modeli zenyewe zinalishwa na vituo. Pasipo na vituo modeli inabahatisha zaidi, na Afrika ndio yenye mapengo makubwa. Mradi wa TAHMO, wa kusambaza vituo vya hali ya hewa Afrika, uliweka lengo la vituo 20,000 kusini mwa Sahara, kimoja kila kilometa 30 hivi, na vingi wanaviweka kwenye viwanja vya shule kwa sababu pana uzio, pana mtu wa kukiangalia na pana wa kujifunza. Wamarekani wa UCAR, muungano wa vyuo vinavyotafiti anga, wana mpango wao wa 3D-PAWS ambapo sehemu za kituo zinachapwa kwa printa ya 3D, kikivunjika kikombe cha kipimaupepo unachapa kingine. Na mpango wa GLOBE, wa sayansi ya mazingira mashuleni, toka 1995 umekuwa ukipokea vipimo vya wanafunzi toka nchi nyingi. Kwa hiyo hoja ya "vipimo vya watoto nani atavitumia" imepitwa.

Hewa ya ukaa, ile gesi inayochangia dunia kupata joto, je? Kuna wanaonunua kihisi cha MQ-135 wakaandika wanapima kaboni dayoksaidi. Kile kinaitikia gesi nyingi kwa pamoja, hakiwezi kukutenganishia. Na hata ukipata kizuri, darasani kitapima pumzi za wanafunzi arobaini. Kipimo cha dunia kinafanywa sehemu kama Mauna Loa kule Hawaii, juu mlimani katikati ya bahari, kilianza 1958 kikiwa karibu sehemu 315 kwa milioni na sasa imeshapita 420. Hicho waachieni wao, nyie pimeni joto na mvua.

Na kuhusu vihisi rahisi kwamba ni takataka, hapana. Fikiria mizani nyumbani inayozidisha nusu kilo. Haifai kukwambia una kilo ngapi, lakini ikizidisha nusu kilo ileile kila siku itakwambia sawasawa kama umenenepa. Kwa mambo ya mabadiliko, kifaa kisichobadilika tabia ni bora kuliko kifaa sahihi kinachobadilishwabadilishwa. Hatari ni siku kihisi kikifa mkaweka kingine kinachosoma nusu digrii juu, grafu yenu itaonyesha ongezeko la joto la miaka 25 ndani ya mchana mmoja. Dawa yake ni kukiweka kipya pembeni ya cha zamani miezi kadhaa kabla cha zamani hakijafa, na kukipima kwenye barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji, pale lazima kisome sifuri (kikiwa ni kile kisichoingia maji, tafadhali). Unyevu unapimwa kwa chumvi ya kawaida iliyoloweshwa mpaka iwe tope, unaifungia na kihisi kwenye kopo bila kugusana, unyevu mle unatulia karibu asilimia 75.

Mti ukikatwa karibu na kituo, andika. Jengo jipya, andika. Ukuta umepakwa rangi nyeusi, andika. Bila hivyo miaka kumi mbele mtu ataona joto limepanda 2027 na kulaumu tabianchi kumbe ni ule mwembe uliokatwa.

Na saa, jamani saa. Mwanafunzi anasoma kipimamvua asubuhi anaandika "saa 3", mashine inaandika 09:00, na mtandao unahifadhi kwa saa ya kimataifa, kwa wa Afrika Mashariki inakuwa 06:00. Kitu kimoja namba tatu. Ukija kuvilinganisha mvua ya usiku inahamia siku nyingine. Chagueni saa moja, muiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa wino.

Huo ukurasa wa kwanza ndio naona unaamua kituo kitaishi au la, kuliko aina ya bodi. Vituo vingi vya shule haviuliwi na radi, vinakufa mwezi wa pili baada ya lile darasa lililovijenga kumaliza shule. Betri ipo nzima, sola inachaji, ila aliyejua nenosiri la akaunti ameondoka nalo, simkadi imeisha bando, na wadogo waliobaki wanajua tu kwamba kile kisanduku ni cha kaka zao na wameambiwa wasikiguse. Kwa hiyo chini ya saa pale ukurasa wa kwanza kuwe na jina la anayesoma mwaka huu, jina la anayerithi mwakani kutoka darasa la chini yake, nenosiri limewekwa wapi, na tarehe ya mwisho koni kufunguliwa kuangalia buibui.